Kutoka Tisa Hadi Moja: Redifishi Mkubwa Kwenye Maji ya Magotini

Ghuba ya Meksiko ina kina cha kumficha nyangumi, lakini redifishi mwenye kilo 15 huja kula mahali ambapo maji hayafiki magotini. Kichwa kiko chini kwenye tope, mkia uko juu hewani, mgongo una rangi ya shaba, na karibu na mkia ana doa jeusi. Kila kitu kiko wazi, isipokuwa namna ya kumkaribia. Kuanzia Texas na Louisiana mpaka Florida, na kupanda hadi North Carolina, ikifika Juni mpaka Agosti kuna watu wazima wanaolala saa mbili usiku kwa hiari yao kwa sababu ya samaki huyu. Wana haki kabisa.

Hii hapa hesabu ya kurudi nyuma, kutoka jambo dogo hadi kubwa. Uzito wa kila jambo nimeupima mwenyewe. Mwenye kubisha aanzie namba tisa, tutakutana chini.

9. Boti, fimbo na vya dukani

Vitu vya bei kubwa vimekaa mkiani, na wenye maduka watanisamehe. Boti ya kazi hii ni bapa, nyepesi, na huelea kwenye maji ya sentimita 20 hivi. Nyuma, juu ya mashine, kuna jukwaa, na juu ya jukwaa anasimama nahodha na upondo wa mita tano au sita. Naam, upondo, kazi yake ileile inayojulikana Lamu na Pemba, ila huu umetengenezwa kwa nyuzi za kaboni na bei yake inakaribia ya mtumbwi. Mashine ndiyo ghali kuliko vyote ndani ya boti, na ndiyo ya kwanza kuzimwa.

Anayerusha chambo cha manyoya huchukua fimbo namba 8, na upepo ukikaza, namba 9. Anayetumia rili ya kawaida achukue mshipi wa kusuka ulio imara. Imara, nasema. Usilete uzi wa kushonea vifungo kisha ujisifu kwamba umepigana na samaki dakika arobaini. Namba moja nitakueleza nani aliumia katika hizo dakika arobaini.

8. Wenye mji: mbu, radi na taa

Huko Florida kuna wangwa mrefu wa maji ya chumvi unaoitwa Mosquito Lagoon. Jina hilo ni onyo. Vaa mikono mirefu.

Mchana wa kiangazi Florida hutengeneza radi karibu kila siku, na mvuvi aliyesimama katikati ya maji mapana ndiye kitu kirefu kuliko vyote mpaka upeo wa macho, tena ameshika fimbo ya kaboni. Wingu jeusi likianza kupanda, samaki anaweza kusubiri. Wewe ondoka.

Na ukishuka kutembea, buruta miguu. Taa hulala chini ya mchanga, na mguu unaoburutwa humgusa ubavuni akaenda zake. Mguu unaonyanyuliwa humkanyaga mgongoni, naye ana mwiba wa kujibu. Akishakuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kwa sababu joto hudhoofisha sumu yake, halafu uende hospitali. Mwenye kidonda kibichi abaki ndani ya boti kabisa: maji vuguvugu ya chumvichumvi hulea bakteria wa Vibrio, na hao hawana utani.

7. Saa na upepo

Mvuvi wa Kilwa au wa Pemba ataanza kwa kuuliza mwezi una siku ngapi. Swali la mtu anayejua kazi, maana kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita nne, na asiyefuata mwezi atajikuta boti imekaa juu ya mchanga mpaka jioni. Lakini mpeleke huyo fundi Laguna Madre, ule wangwa mrefu kati ya Padre Island na bara la Texas, na atahitaji mwalimu mpya. Kina chake kwa wastani ni kama mita moja tu, milango ya bahari ni michache na iko mbali, na maji kujaa na kupwa ni jambo la kupima kwa vidole. Mwezi umeajiriwa kwetu. Kule kazi inafanywa na upepo. Ukivuma upande mmoja siku mbili tatu mfululizo, maji hukusanyika ng'ambo, na mahali palipokuwa pa kuvulia jana leo pana ndege wanaotembea kwa miguu. Mosquito Lagoon ni hivyohivyo.

Kwa hiyo usiku wa kuamkia safari, angalia upepo wa leo, kisha uulize na wa jana na wa juzi. Maji yana kumbukumbu.

Na saa? Alfajiri. Sina mjadala hapa. Kiangazi maji ya kina kifupi hufika nyuzi 30 na zaidi, na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba oksijeni kidogo. Samaki hula kukiwa na ubaridi, kisha jua likipanda huteremka kwenye mifereji yenye kina. Anayetoka nyumbani saa nne asubuhi baada ya chai na maandazi ataona mandhari nzuri sana.

6. Miwani

Fimbo ya wastani na miwani mizuri itakupa samaki. Fimbo ya ajabu na macho matupu itakupa mkono wenye nguvu. Miwani ya kukata mng'ao huondoa kioo cha juu ya maji na kukufungulia chini. Hapo utaona kivuli kinachotembea wakati hakuna wingu. Utaona maji yanayotetemeka mahali pamoja wakati pengine pote pametulia. Utaona mstari wa mawimbi mawili madogo yanayofunguka nyuma ya kitu usichokiona, na kitu hicho kina haraka. Na siku Mungu akikupenda zaidi utaona mkia wenyewe, mpana, una ukingo wa buluu, unapunga.

Nahodha yuko juu jukwaani na ataona kabla yako. Atakuelekeza kwa uso wa saa: pua ya boti ni 12, kushoto kabisa ni 9, kulia kabisa ni 3. Akisema "10, mita 15", geuza kichwa na utupe. Usiulize "wapi?" Ukiuliza wapi, samaki ameshajibu.

Chambo kianguke mbele yake na kupita kidogo, kisha ukivute taratibu mpaka kwenye njia yake. Kikianguka kichwani, ataondoka. Kikianguka nyuma, hatajua kilikuwepo. Na nakuomba, kwa heshima zote, usibamize kifuniko cha sanduku la barafu. Sauti ndani ya maji husafiri kasi zaidi ya mara nne kuliko hewani, na samaki huyu, kama utakavyosoma mbele, ni bingwa wa mambo ya sauti.

5. Mikizi

Hapa mtu wa pwani yetu yuko nyumbani. Mkizi anayeruka Laguna Madre, yule ambaye wataalamu humwita *Mugil cephalus*, ndiye huyohuyo anayeruka kwetu, na hasira zake ni tijara ya mvuvi hata Texas. Makundi ya mikizi yakipita juu ya maji mafupi kiangazi, redifishi hutembea nao, chini yao na nyuma yao. Lakini angalia vizuri. Mkizi mmoja mmoja anayeruka huku na huku anajifurahisha. Mikizi kumi wanaoruka pamoja kuelekea upande mmoja wanakimbia, na kinachowakimbiza ndicho unachokitafuta.

Kinywa cha redifishi kimekaa chini ya pua, na ndiyo maana hula kichwa kikiwa chini, akifukua kaa na kamba kwenye tope. Mpe basi anachokitafuta. Kamba hai, nusu ya kaa, kipande cha mkizi kwa siku ambazo maji yamechafuka. Kwa anayependa vya kutengeneza, kijiko cha rangi ya dhahabu chenye ndoana iliyokingwa isinase majani kimewalisha wavuvi wa pwani hiyo tangu zamani, na hakihitaji betri wala sifa za tangazo.

4. Kikaango

Mwaka 1979 mpishi Paul Prudhomme, mzaliwa wa Opelousas, Louisiana, alifungua na mkewe mkahawa mjini New Orleans, K-Paul's Louisiana Kitchen. Miaka michache iliyofuata dunia ilisikia habari zake kwa ajili ya sahani moja: mnofu wa redifishi uliochovywa kwenye siagi, ukapakwa pilipili na viungo vya majani, ukatupwa juu ya kikaango cha chuma kilichopashwa moto kupita kiasi. Moshi ukajaa jikoni. Mnofu ukatoka mweusi nje, laini ndani, na Marekani nzima ikasimama foleni.

Kabla ya hapo redifishi alikuwa samaki wa watu wa pwani. Sasa kila mji ulimtaka. Ndege ndogo zikapaa kutafuta makundi ya wakubwa nje kwenye Ghuba, ambako maji huonekana mekundu samaki wakikusanyika, na boti chini zikazungusha nyavu. Wale walikuwa wazazi. Aliyehitaji miaka ishirini au thelathini kufikia ukubwa ule aliondoka kwa mzunguko mmoja wa wavu. Ilipofika 1986, Waziri wa Biashara wa Marekani, Malcolm Baldrige, alitoa amri ya dharura kuzuia uvuvi huo, na baadaye maji yote ya serikali kuu katika Ghuba yakafungwa kwa redifishi. Mpaka leo hayajafunguliwa.

Texas ilikuwa imeamka mapema. Wavuvi wa mshipi waliokutana Houston mwaka 1977 na kuanzisha chama cha kulinda samaki wa pwani walishinikiza mpaka 1981 sheria ya jimbo ikakataza kuuza redifishi wa porini. Tarehe 20 Oktoba 2007 Rais George W. Bush akatia saini amri ya kuzuia uuzaji wa redifishi wanaovuliwa kwenye maji ya serikali kuu.

Mimi simlaumu Prudhomme, aliyefariki 2015. Mpishi alipika, na alipika vizuri. Waliosahau kuhesabu ni waliozungusha nyavu. Leo redifishi wa mezani kwa sehemu kubwa ni wa kufugwa, na ufugaji wake umefika mbali: China wanamfuga kwa wingi, na hata jirani zetu wa Mauritius, Réunion na Mayotte wamewahi kumweka kwenye vizimba. Kwa hiyo mwenye hamu ya sahani ile nyeusi ana njia halali ya kuipata, na kikaango chake hakina deni na mtu.

3. Ngoma

Redifishi ni wa ukoo wa samaki wapigao ngoma, na hili si sifa ya kupamba. Dume ana misuli inayotetemesha kibofu cha hewa tumboni, na mwishoni mwa kiangazi hadi vuli, jua likizama, hupiga mdundo mzito wa kuwaita majike. Watafiti hushusha maikrofoni majini wakajua wanakozalia bila kuvua hata mmoja. Bwana harusi anayejipigia ngoma mwenyewe! Gharama za bendi hana.

Wavuvi wa huko humwita fahali redifishi yeyote aliyepita sentimita 69 hivi, awe dume au jike. Majike hawajalalamika. Kwa kawaida redifishi hukaa kwenye mikono ya bahari na vinamasi miaka mitatu au minne ya kwanza, kisha akipevuka hutoka kuishi bahari kubwa, na hurudi karibu na milango ya bahari kuzaa. Mayai huelea, na mkondo huyabeba kuingia ndani, ambako watoto watalelewa. Ndiyo sababu kumkuta fahali kwenye maji ya magotini ni bahati ya mahali na majira. North Carolina wakubwa huingia Pamlico Sound na mdomo wa mto Neuse kuanzia Julai mpaka Septemba. Mosquito Lagoon ina ajabu yake: wako wakubwa wanaoishi na kuzaa humohumo ndani, wala hawaoni haja ya kwenda baharini.

Rekodi ya dunia ilitoka pwani ya North Carolina, kijiji cha Avon, Novemba 1984: David Deuel, kilo 42.69. Miaka arobaini imepita na hakuna aliyeifikia. Na huyu samaki huishi. Upande wa Atlantiki wamepimwa waliozidi miaka 50, kwa kuhesabu pete za vijiwe vya masikioni. Fahali unayemwona leo Pamlico huenda alikuwa tayari mtu mzima kabla ya simu ya kwanza ya mkononi kulia mfukoni mwa mtu. Mwamkie.

2. Nyasi na roketi

Hapa naomba utani upungue kidogo, maana bila namba hii zote zilizotangulia ni hadithi za kale.

Maji mafupi yenye nyasi za baharini ni nyumba ya kamba, nyumba ya kaa, nyumba ya mtoto wa redifishi. Laguna Madre bado ina mashamba mapana ya nyasi hizo, na kila panka la mashine linalopita pasipo na kina huacha kovu linaloweza kuchukua miaka kuziba. Ndiyo maana upondo si pambo. Louisiana nayo imepoteza karibu kilomita za mraba 5,000 za ardhi ya pwani tangu miaka ya 1930: mto Mississippi umefungwa kwa kingo na hautawanyi tena tope lake, mifereji ya mafuta imekata vinamasi, ardhi inazama na bahari inapanda. Kwa muda fulani kinamasi kinachomeguka hutoa uvuvi mzuri, kwa sababu kingo ni nyingi na chakula kinamwagika. Asikudanganye mtu kwa samaki wa mwaka huu. Nyumba inayobomoka nayo hutoa kuni nyingi.

Florida nao wameuonja uchungu wake. Mwaka 2011 mwani ulichanua kupita kiasi kwenye Indian River Lagoon, mfumo ambao Mosquito Lagoon ni sehemu yake. Maji yakawa kama yamefunikwa, mwanga haukufika chini, na nyasi zikafa kwa maeneo makubwa sana. Maji taka na mbolea za bustani vilikuwa vimeandaa karamu hiyo kwa miaka. Mwaka 2021 nguva zaidi ya 1,000 walikufa Florida, wengi kwa njaa, kwa sababu nyasi walizozitegemea hazikuwepo. Septemba 2022 ikaanza kutumika amri kwamba redifishi yeyote anayevuliwa kwenye mfumo ule lazima arudishwe majini, mkubwa na mdogo. Nasema walichelewa, lakini nasema pia walifanya sawa.

Na sasa roketi. Mwaka 1962, Marekani ilipokuwa inajiandaa kwenda mwezini, maji yanayozunguka eneo la kurushia roketi kwenye Merritt Island yalifungwa kwa sababu za usalama. Hakuna aliyekuwa anawafikiria samaki. Miaka ikapita. Mwaka 2001 mtafiti Callum Roberts na wenzake waliandika katika jarida la Science kwamba rekodi za dunia za samaki wa mshipi, redifishi akiwemo, zilikuwa zimejazana kwenye maji ya karibu na eneo lile lililofungwa. Samaki waliachwa wazeeke, wakanenepa, wakavuka mpaka, wakakutana na ndoana za watu waliokuwa nje. Mlinzi wa lango alikuwa analinda roketi, na waliofaidi ni majirani wenye fimbo.

1. Kumrudisha

Hii ndiyo namba moja, na nitaitetea mbele ya mtu yeyote.

Sheria zenyewe zinaelekea huko. Florida, kwenye maji yanayoruhusiwa, unachukua samaki wa inchi 18 hadi 27, yaani sentimita 46 hadi 69, basi. Texas ni inchi 20 hadi 28. Louisiana, ambako mtu aliruhusiwa kubeba fahali mmoja kwa siku, ilibadilisha mwaka 2024: wanne kwa siku, inchi 18 hadi 27, na fahali hachukuliwi kabisa. Wapo walionung'unika. Mimi ningewapigia makofi kwa mikono na miguu, kwa sababu jike kubwa hutoa mayai kwa mamilioni katika msimu mmoja, na nyama yake kwa hakika ni ngumu kuliko ya mdogo. Unamnyima bahari mzazi, unaipa meza ya nyumbani kitu cha kutafuna mpaka Ijumaa.

Sasa kiangazi. Maji yana nyuzi 30, oksijeni ni haba, na samaki ametoka kupigana na mshipi. Hapo ndipo zile dakika arobaini za uzi mwembamba zinapoua. Anaweza kuondoka akiogelea, ukashangilia, akafa nusu saa baadaye ambapo humwoni. Kwa hiyo fimbo imara na mvutano mfupi. Ndoana ya duara kwa chambo hai, maana hiyo hushika pembe ya mdomo, haiendi tumboni, na kijino chake kibanwe kwa koleo. Mikono iloweshwe kabla ya kumgusa. Usimning'inize kwa taya kama taa ya dari. Uzito wake wote haukuumbwa kuning'inia. Mkono mmoja chini ya tumbo, mwingine kwenye shina la mkia.

Picha? Ndiyo, piga, umeistahili. Ila ziba pumzi yako wakati anatoka majini. Ukihitaji hewa, naye anahitaji maji. Kamera iwe imeshawashwa na mpigaji awe ameshamaliza kutafuta upande wake mzuri.

Kisha mshike ndani ya maji, kichwa kikielekea mkondo, mpaka matamvua yafunguke na kufunga kwa mpango. Tazama na nyuma yako, kwa sababu pomboo na papa wa huko wamejifunza kwamba boti iliyosimama ina samaki aliyechoka. Wakiwa karibu, msogeze mbali kwanza. Usimsukume. Akiwa tayari ataondoka mwenyewe, kwa nguvu, na maji yatakupiga usoni mpaka ndani ya miwani.

Jifute haraka. Kwenye 9, mita 20, kuna mkia mwingine.